Maji ya Chini ya Mtungi

Mjukuu wangu Boke,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Babu yako amepona mguu, na shangazi yako amehamia Mugumu.

Umeniuliza kama maji ya mabaki yanayotoka kwenye mpira wa mashine yako ya kuchujia maji ya kunywa ni ya kumwaga tu.

Nilipoolewa hapa Nyansurura kulikuwa na ukame. Maji ya bwawani tuliyaacha mtungini yatulie, tukanywa ya juu. Asubuhi moja nikamwaga yale ya chini yenye tope, ili nionekane msafi. Mama mkwe akaja na ndama aliyefiwa na mama yake.

"Maji yake ya chini ya mtungi yako wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha udongo uliolowa. Hakunigombeza. Alimnywesha ndama maji yake mwenyewe ya kunywa, akakaa na kiu mpaka niliporudi bwawani. Njia nzima nilikimbia.

Mama mkwe alipomaliza kunywa alisema, "Kesho utamnywesha wewe." Nikamnywesha ndama huyo mpaka akakua, akazaa.

Basi weka ndoo chini ya mpira huo. Usiyanywe maji hayo, lakini yapigie deki na uyamwagie chooni.

Mimi bibi yako, niliye hapa
Nyansurura