Petits pois ya mapasa

Adalbert, baba ya Abigaïl, salamu ya moyo huko Mitwaba,

Huku tuko bazima. Abigaïl anaota meno, anauma hata kidole ya abbé, padri wetu.

Ile mbegu ya petits pois, njegere, Mama Régine, agronome wa Kasapa, alinipa, ile balipiga na rayons, mionzi, mu labo ili igeuke na izae sana: saison ya kwanza, karibu yote ilidumaa. Shina moya tu ilibeba maganda mbili-mbili, kama mapasa. Nikachunga mbegu yake, nikapanda tena. Mama yako akasema: "Mbegu ya kulozwa, ya bulozi! Ikishindwa tena, naingoa yote, na shamba nampa muke ya mudogo yako."

Leo amefika na jembe yake. Shamba nzima, maganda mbili-mbili, yenye kujaa! Akatupa jembe chini, akaanzisha wimbo ya mapasa, ile ya matusi tunaimbaka kwa furaha mama akizaa batoto babili. Majirani bakaitikia. Akanipaka pemba, ule udongo nyeupe ya baraka, ku paji: "Mama ya mapasa, shamba ni yako!"

Barua zangu haujibu, Adalbert. Lakini leo siwezi kulia. Pemba ingali ku paji, na sinawi.

Bibi yako,
Mutale, mama ya mapasa