Meno Haya Hayatoki

Likasi, Jumanne

Kwako yaya Joachim, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Kolwezi. Wewe na nyumba yako hamjambo? Na Orpa wangu, anakula? Bado anakohoa? Sisi huku tunapumua, Mama naye yupo, isipokuwa magoti yake. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu unakata. Isome karatasi hii mpaka mwisho, kisha ukasirike ukitaka.

Yaya, mwaka jana baada ya Pasaka ulimchukua mtoto wangu, ukasema hawezi kulala nyumba moja na mchawi. Uliambiwa kwamba kwenye maombi ya ukombozi nilitapika kitu cha uchawi mbele ya kanisa zima. Wewe hukuwapo. Acha nikueleze mimi niliyekuwapo.

Kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa meno. Meno matatu ya mbele, ya bandia, yaliyoshikamana na kipande cha plastiki cha rangi ya ufizi, yale ya kuvaa asubuhi na kuvua wakati wa kulala. Nilikuwa nayo tangu usichana na nilificha. Yalikuwa yamelegea, nikicheka nayashikilia kwa ulimi. Siku ile pasta alinikamata kichwa akanitikisa, nami nilikuwa naimba kwa nguvu, yakaruka mpaka miguuni pake. Watu wakapiga kelele. Nilijaribu kueleza, lakini kwa pengo lile kila neno lilitoka na upepo, wakasema sikilizeni, nyoka anaongea! Nilivyozidi kujitetea ndivyo walivyozidi kukemea. Mwishowe wakayamwagia petroli uani wakayachoma. Uchawi gani huo unaonuka kama ndoo iliyoungua?

Majirani waliacha kununua mikate yangu. Wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda hawakuacha. Mtu anayeingia shimoni kila siku hamwogopi mwanamke mwenye pengo. Kwa mikate hiyo nilikwenda Lubumbashi kwa daktari wa meno. Aliniambia anaweza kunitengenezea mengine ya kuvaa na kuvua, au kunipandia meno: anatia skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa wa taya, anaungoja mfupa miezi kadhaa uishike, ndipo anafunga jino juu yake. Alinionyesha kwenye picha jinsi taya langu lilivyoanza kupungua pale pasipo na mizizi, akasema skrubu itaupa mfupa kazi tena, na meno ya jirani hayatasagwa ili kuyashikilia mapya. Hakunidanganya. Alisema nitavimba, na nisipopiga mswaki vizuri ufizi utaugua. Wachimbaji walicheka sana, eti wao wanatoa chuma udongoni, Mama Orpa anakiingiza mdomoni. Nilicheka nao bila kuziba mdomo.

Sasa natafuna mahindi ya kuchoma. Nalala na meno yangu. Nikisema Yesu, inasikika Yesu.

Jumapili iliyopita nilirudi kanisani na kipande cha muwa. Wakati wa ushuhuda nilisimama mbele, nikaumenya kwa meno (daktari angenigombeza), nikatafuna, kisha nikamwomba pasta aje ayavute. Nilimwambia kama ni uchawi utatoka kama ule wa kwanza. Alitazama viatu vyake, akaiomba kwaya iimbe. Nje wanawake waliniambia nimemdharau mtumishi wa Mungu. Ndiyo, nilimdharau, na msamaha sitaomba.

Lakini kuna jambo hulijui, yaya. Ulikuwa shule ya bweni, na Baba alikuwa kazini Kambove. Mimi na Mama tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, mchi wake ukateleza ukanipiga mdomoni. Alimwogopa Baba. Ni yeye aliyenipeleka kwa fundi wa meno, akanunua yale ya plastiki, akaniapisha nisimwambie mtu. Siku ile kanisani Mama alikuwa amekaa safu ya pili. Aliyajua meno yale. Aliyaona yakiungua, akasema amina.

Juzi nilimuuliza jikoni. Alilia, akasema: “Minye niliogopa, mwana. Bangesema minye njo nilikupatia kile kintu.” Aliogopa wangesema yeye ndiye aliyenipa uchawi, na kweli meno yale ni yeye aliyenipatia. Ninampikia, ninamkanda magoti, lakini kumsamehe bado. Inauma, yaya. Inauma kuliko skrubu.

Jumamosi tunakuja wawili, mimi naye. Amekubali kukueleza yeye mwenyewe, mbele ya mke wako na mbele ya Orpa. Siji kuomba. Ukitaka kumwita mchungaji wako, mwite, nitamngoja sebuleni. Orpa afunge nguo zake, siku hiyohiyo atalala Likasi.

Basi, kaa na amani. Nisalimie wifi, mwambie asipike kingi, hatutakaa.

Ni mimi mdogo wako,
Clotilde, mama yake Orpa