Wakulima Mia Nne na Nusu Eka ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Simu kutoka wilayani asubuhi. Bosi anataka majina mia nne ya wakulima wa mbolea ya ruzuku kutoka kata yangu. Nikamwambia wakulima ninao mia na sitini na tatu, nimewahesabu kwa miguu yangu mwenyewe. Akasema hakuniuliza ninao wangapi. Lengo ni mia nne.

Miaka tisa mimi ni bibi shamba wa kata hii. Leo nimejifunza hesabu upya.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwandikisha kinyozi. Nilipomuuliza shamba lake liko wapi, akasema analima vichwani mwa watu na huvuna kila siku. Nimeandika: mazao mchanganyiko. Fundi cherehani yumo. Fundi baiskeli yumo. Walimu sita wa shule ya msingi wamo, na mwalimu mkuu ameomba awe wa kwanza kwenye orodha, kwa heshima ya cheo.

Mama hayumo. Waraka unasema ndugu wa afisa asiandikishwe, kwa sababu aliyenitangulia hapa alijaza wakwe zake watupu, akahamishwa. Waraka una kurasa kumi na nne. Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyoweza kuitimiza, nikaitimiza.

Jumanne, 11 Machi

Mfumo mpya wa simu haukubali jina mpaka mkulima apigwe picha akiwa shambani, ameshika mfuko wa mbolea. Mbolea yenyewe haijafika. Tunao mfuko mmoja tu wa mfano. Mtunza stoo, tunayemwita Funguo, alikuwa ameufanya kiti.

Wenye mashamba niliwafuata kwao na huo mfuko. Wasio na shamba nifanyeje? Shamba la karibu ni la mama, nusu eka, nyuma ya ofisi, hatua kumi kutoka dirishani kwangu. Basi watu wakapanga foleni katikati ya mahindi machanga. Funguo anakabidhi mfuko, mimi napiga picha, Funguo anaupokea, anamkabidhi wa nyuma. Siku mbili. Watu mia mbili thelathini na saba wamekuwa wakulima bila kuvua viatu.

Mama alisimama pembeni na jembe lake, akiomba tu wasikanyage. Mwishoni akaniuliza yeye anapigwa picha saa ngapi. Nikasema wewe bado, mama. Akasema sawa.



Jumatatu, 24 Machi

Miujiza! Mbolea ya kukuzia imefika, na imefika kwa wakati. Mahindi yamefika magotini, mvua ipo. Mifuko mia nne, tumegawa yote hadi jioni.

Pamoja na mifuko imekuja barua. Mfuko wowote usifunguliwe kabla mkaguzi hajaja kuihesabu yote. Tarehe ya mkaguzi haikuandikwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mkaguzi kimya. Wakulima wa kweli wanaitazama mifuko majumbani mwao, wanaogopa kuifungua. Kinyozi ameupanga mfuko wake na wa fundi baiskeli pamoja, akatandika kitambaa, ndiyo benchi la wateja wanaosubiri. Nimemwambia ni mbolea ya serikali ile. Akasema hajaifungua.

Mahindi ya mama yameanza kuwa ya manjano. Ardhi ile imechoka, nilimwambia mwenyewe mwaka jana. Nikaenda kwa Funguo kwa unyenyekevu wote, nikamwomba ule mfuko wa mfano. Akafungua orodha, akapitisha kidole toka juu hadi chini, akasema asiyekuwepo na lake halipo. Mbolea ya dukani imepanda bei, na mshahara wa mwezi uliopita bado uko njiani.

Jumapili, 6 Aprili

Mama kaja nyumbani. Hakulalamika, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema tu kwamba kinyozi hajinyoi, kwa hiyo hashangai bibi shamba kuwa na mama mwenye mahindi yenye homa. Tukacheka. Kisha akasema ikipita wiki hii, hata yakimwagiwa maziwa hayatazaa, na chakula chake cha mwaka mzima kiko pale. Anasema kweli. Mimi ndiye niliyesomea.

Naona aibu. Basi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkaguzi kafika saa nne, na bosi, na mpiga picha. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa kazi. Kumbe amekuja kunipongeza!

Kwenye ramani yake ya simu, inayoonyesha kila picha ilipigiwa wapi, wakulima mia mbili thelathini na saba wa kata yangu wako sehemu moja. Anasema kakagua mashamba miaka kumi na miwili, hajaona watu walioungana namna hii. Hakuuliza wanaeneaje kwenye nusu eka. Bosi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wakaitwa wakulima wa mfano. Kinyozi akaja na mfuko wake begani, wateja wamebaki wamesimama. Tukaingia shambani. Mama alikuwa anapalilia. Mkaguzi akamwambia kwa upole, mama, samahani, tupishe kidogo, tunapiga picha za wakulima.

Mama akapisha. Kinyozi akashika mfuko, picha ikapigwa. Ndipo mama akauliza, huo mfuko mkishaupiga picha unakwenda wapi?

Kinyozi akautua chini taratibu. Mama akasogea, akaukalia.

Mkaguzi kanigeukia mimi. Bibi shamba, huyu mama ni nani? Yumo kwenye orodha?

Nikasema ngoja nikalete rejista ofisini.

Niko ofisini. Rejista nilikuwa nayo kwapani muda wote. Bosi amenitumia ujumbe: mwambie humjui, tumalize. Dirishani nawaona wote wamesimama juani, mama peke yake ndiye amekaa. Yeye hawaangalii wale. Anatazama huku, mlangoni, akingoja nitokee.