Mimba ya Miezi Minne, Mkataba wa Miezi Sita

Mpendwa Mama Maulida, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba barua hii isikawie mezani kwako, maana jambo lenyewe linakua kila siku na nguo zimeanza kulitangaza.

Nina miaka ishirini na saba, naishi Kashai katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na watoto watatu wa marehemu dada yangu Petronila, na mume wangu Clavery yuko visiwani Muleba ananunua dagaa, hurudi mara moja kwa mwezi. Mwezi wa nane nilipata kazi katika mradi wa kuhudumia yatima, mkataba wa miezi sita, kazi yangu ni kuzunguka vijiji vya Kamachumu kwa baiskeli nikiandika majina ya watoto waliofiwa, nani analala wapi, nani ameacha shule, na siku ya kwanza mratibu wetu, Bwana Nathanieli, aliniambia, "Dada, nataka mtu asiye na udhuru, aliyekutangulia alikuwa wa ruhusa kila wiki," nami nikajibu sina udhuru, na kweli siku hiyo sikujua kwamba nina mimba, nilidhani ni uchovu wa msiba.

Clavery anasema ninyamaze mpaka nipate mkataba wa pili, jirani yangu Mwamvita amenifundisha kujikaza tumbo kwa kanga, nami najikaza. Wiki iliyopita nilikuwa kwa bibi mmoja anayelea wajukuu saba, akanipakulia ndizi na maharage, harufu ikanipanda, nikatoka mbio nikatapika migombani, na nilipogeuka bibi alikuwa nyuma yangu ameshika kata ya maji, machozi yanamtoka, akasema, "Hata wewe, mwanangu?" Nilielewa anawaza nini, nimekonda, natapika, na dada yangu alikufa kwa ukimwi. Sikumwambia kuwa ni mimba. Niliogopa habari itafika ofisini kabla yangu, nikapanda baiskeli nikamwacha analia.

Habari ikafika ofisini vilevile, ila nyingine, kwamba nami ninao ukimwi. Kikombe changu cha chai sasa kinawekwa peke yake dirishani, na jana Bwana Nathanieli ameniuliza mbele ya watu afya yangu ikoje, nikasema malaria. Nikisema kweli sipati mkataba wa pili, nikinyamaza wananizika hai. Mama, nimechoka kujificha, nataka kusema. Niseme vipi?

Kokushubila, Kashai


Kokushubila mwanangu, marahaba, na pole kwa msiba.

Umeshaamua, kwa hiyo sitakubembeleza. Kwanza fungua hiyo kanga leo. Mwamvita anakupenda, lakini tumbo si mzigo wa kufungwa kamba. Na baiskeli kwenye miteremko ya Kamachumu iache. Ukianguka, hakuna mkataba utakaokurudishia mtoto.

Hukumdanganya mwajiri siku ya kwanza, maana hukujua. Lakini malaria ulimdanganya, na hilo utalirekebisha mwenyewe. Nenda kliniki wiki hii, pata kadi. Kisha omba kuonana na Bwana Nathanieli ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Mwambie ni miezi mingapi, unatarajia kujifungua lini, na kazi utaimaliza kwa namna gani. Usianze kwa kuomba radhi. Mimba si kosa la kazini. Peleka barua ya maneno hayo hayo, ubaki na nakala, na umwombe naye ajibu kwa maandishi.

Jambo moja linaniuma. Usijitetee kwa kusema "mimi si mgonjwa", kana kwamba mgonjwa ndiye anayestahili kutengewa kikombe. Dada yako angekuwa hai, ungetaka ainywee wapi chai? Kama una hofu juu ya afya yako, hilo ni jambo lingine, kamwambie daktari, si watu wa ofisi.

Clavery aambiwe umeamua. Na yule bibi umwendee mwenyewe. Ulimwachia kilio kisicho chake.

Mama Maulida


Wiki tatu baadaye Kokushubila ametuandikia tena:

Mama, nilianza kwa bibi. Alinishika tumbo kwa mikono miwili akacheka mpaka wajukuu wakakusanyika.

Jumatatu nikaingia kwa Bwana Nathanieli na kadi. Alisoma barua yangu mara mbili, akauliza, "Kwa nini hukuniambia mapema?" Nikasema, "Ulisema hutaki mtu mwenye udhuru." Akasema mke wake aliwahi kufukuzwa ualimu wa muda kwa sababu hiyo hiyo, na yeye alikuwa amesahau jinsi alivyokasirika.

Nitamaliza miezi yangu sita katika vijiji vya karibu na barabara, baiskeli ameichukua mwenzangu Aroni, mimi nasafiri na gari la mradi. Kuhusu mkataba wa pili, aliandika kwamba nafasi yangu itaangaliwa baada ya kujifungua. Nilimrudishia karatasi.

"Baada ya kujifungua ni lini, Bwana? Naomba uandike tarehe."

Aliitazama kalenda ya ukutani. Kisha akachukua kalamu, akaandika: tarehe mosi Juni.