Kaburi la Baba Limekwenda na Mto

Ikinga, Ileje
21 Aprili 2024

Mpendwa kaka Ambilikile,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Natumaini wewe, wifi Fortunata na watoto mnaendelea vizuri huko Mtwara, na kile kifua cha Lusungu kimepona. Sisi kwa mwili ni wazima. Mama anakula kidogo tu, ila anatembea.

Kaka, ile habari uliisikia nusu, mtandao ukakatika. Sikutaka uimalizie kwa watu wengine. Kaburi la baba limekwenda na mto.

Unaijua ile kona ya Songwe chini ya migomba yetu. Maji yakishuka kwa kasi yanapiga upande wetu na kuchimba udongo wa chini. Juu majani yanabaki yamesimama kana kwamba hakuna kitu, halafu ukingo unaporomoka wote kwa mara moja. Mwaka jana ilikwenda migomba. Mwaka huu mvua za Machi zilikuwa za kutisha, na ufa ukatokea karibu kabisa na kaburi.

Wazee wa ukoo na mchungaji walikubali tumhamishe baba. Mama akakataa tuanze bila mtoto wa kwanza. Hakuna anayekulaumu, barabara zilikuwa zimekatika na wewe ulikwama njiani. Jumanne asubuhi tulikuwa tunapalilia mahindi, tukasikia ardhi inanguruma. Tulipofika tulikuta maji mekundu tu. Mama hakulia. Alisimama pale muda mrefu hadi nikamshika mkono, maana na pale alipokanyaga palikuwa hapaaminiki.

Ng'ambo, upande wa Malawi, maji hupunguza mwendo na kutua mchanga na tope. Shamba la yule jirani yetu Mika linaongezeka kila mwaka, letu linapungua. Huko ndiko alikouona msalaba wa baba, umelala kwenye tope jipya. Mto ulipopungua akavuka nao begani.

Mama alimpa chai, akangoja anywe, ndipo akamwuliza, "Na mwenyewe hukumwona?"

Mika akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Mchanga umefunika kila kitu."

Unajua jinsi mama alivyokuwa anakataa kuhamia kule juu karibu na kanisa, hataki kumwacha baba peke yake. Jana alianza kufungasha vyungu bila kuambiwa na mtu. Akaniambia, "Nesta, sasa sina wa kumlinda hapa." Nikakaa chini tukafungasha pamoja.

Baba mdogo Amoni ametupa kiwanja huko juu. Msalaba upo ndani, umeegemezwa ukutani. Mama hataki mtu mwingine ausimike ila wewe. Njoo kaka, hata kama ni kulala na kuondoka.

Msalimie wifi na watoto, na shangazi Yunisi ukimwona. Baba mdogo Amoni na mchungaji wanawasalimu. Mungu awashike mkono nyote, akufungulie njia ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye,
Nesta