Maganda ya Muhogo

Jumanne, 21 Oktoba 1997
Mvua siku ya tisa. Utange yote tope. Faki, muuza muhogo wa kukaanga, kaniachia gunia la maganda na siwezi kuyaanika. Siku zote hukaa juani siku mbili ndipo nikawapa mbuzi. Mabichi ni sumu, nani asiyejua? Lakini jua liko wapi! Mbuzi watatu wanalia njaa. Mjukuu wangu Sidi naye analia — miezi minne, mama hana, na kikombe cha maziwa leo hakikujaa.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimeyatandaza juu ya meko, yapate moshi. Jioni nikajiambia yamekauka. Hayakukauka. Nimechoka na kelele, nikawamwagia.

Alhamisi, 23 Oktoba
Wawili walikufa jana ile ile, hata magharibi haijaingia. Povu tele. Bibi Chifu, mbuzi wangu wa maziwa, kapona kwa kuwa nilikuwa namkama, akachelewa kwenda kula. Faki amekuja kunipa pole. Akauliza kama niliyaanika. Nikasema ndiyo! Akashika kichwa, akasema basi ni muhogo wake uliokuwa mbaya. Nikamwacha aamini hivyo. Mwongo mkubwa mimi.

Jumamosi, 25 Oktoba
Kumbe Bibi Chifu hakupona. Ubavu wa kushoto umevimba, hacheui. Nimemnywesha mafuta ya nazi. Maziwa nusu kikombe. Nesi aliwahi kusema nimpe mtoto ya kopo. Ya kopo! Ningeyaweza, ningehangaika na mbuzi?

Jumapili, 26 Oktoba
Sikwenda kanisani. Matone tu. Nimemkorogea Sidi uji mwepesi, ameutapika wote.

Jumatatu, 27 Oktoba
Faki yuko uani, kisu kakifunga gazeti. Nimemwita mwenyewe. Wanunuzi wa nyama hapa ni Waislamu, hawali alichochinja Mkristo kama mimi Rosalia. Akimchinja Bibi Chifu yu hai, nyama itauzika, na Sidi atapata maziwa ya kopo ya wiki tatu, labda nne. Akifa mwenyewe ni kibudu, hakuna atakayemgusa. Lakini akichinjwa, ndiyo basi, sina mbuzi tena.

Faki kamshika masikio, akasema ya baridi. "Mama Kafedha, huyu hafiki adhuhuri, wallahi. Nipe ruhusa. Na uniwie radhi, maganda yalikuwa yangu." Mama Kafedha! Tangu tumzike mwanangu Kafedha, mama yake Sidi, hakuna aliyeniita hivyo. Nilitaka kumwambia ukweli pale pale. Nikainama, nikashika miguu ya mbuzi.

Tukamgeuza kuelekea kibla. Mara taya likasogea. Likasogea tena! Nikapiga kelele: anacheua! Faki akainama, akasikiliza. Akasema hapana, anasaga meno kwa maumivu.

Mimi naona anacheua. Au nataka kuona hivyo, sijui. Nimemwambia angoje kidogo, nikaingia ndani kana kwamba nafuata kitu. Naandika haya ili nisimjibu. Anaita — mama, saa inakwenda. Na Sidi ameamka, anatafuta maziwa.