Jenereta Tulivu ya Shemeji Yako

Shoga, shemeji yako ametuaibisha dukani. Bado siamini!

Unajua mama yangu, miaka sita tangu ndoa yetu, humwita "mwalimu" tu, akiamini hajui lolote nje ya vitabu. Leo kampeleka wachague jenereta ya nyumbani isiyo na kelele.

Muuzaji akavuta kamba ya kuwashia mara moja, akaondoka. Shemeji yako akaweka kiganja juu ya mashine, akafumba macho: "Mama, sikia utulivu huu!" Akawahutubia wateja dakika kumi. Dakika kumi, shoga!

Muuzaji akarudi na kidumu. "Samahani, mzee, ndiyo kwanza naitia petroli."

Mama akacheka hadi machozi. "Tuchukue hii hii, mwanangu. Ila usije ukaiwasha."

Umesoma vizuri? Kamwita "mwanangu".